Fomu Ilitaka Mama Mmoja

Mama alimwita kila mtu mwanangu isipokuwa mimi. Kijana wa buchani aliyetukatia nyama ya halali, mwanangu. Fundi aliyekuja kutengeneza boila la maji ya moto, mzee mwenye mvi kuliko zake, naye mwanangu. Watoto wa jirani waliopiga mpira ukavunja chungu chake cha maua, wanangu, chezeni kwa taratibu. Mimi niliyetoka tumboni mwake aliniita kwa jina langu, na siku akiwa na furaha nyingi aliniita binti.

Sababu niliijua, kwa hiyo sikuona ajabu. Mimi nilitolewa. Dada yake mkubwa hakujaaliwa kupata mtoto, na mimi nilipoachishwa ziwa, Mama alinifunga kwenye kanga mpya, akanipeleka kwa dada yake mtaa wa pili kule Unguja, akasema, huyu mwanao. Tangu siku ile akaufunga ulimi wake. Kwetu, aliyetoa mtoto hamwiti mwanangu mbele ya aliyempa. Ni sawa na kumkaribisha mtu chakula kisha ukakaa unamhesabia matonge. Aliyepewa naye ana adabu yake: mbele ya mzazi hasemi wangu, husema huyu ni wa mdogo wangu, mimi namlea tu. Basi kila walipokutana, mmoja alinisukuma kwa mwenzake kwa heshima, na mwenzake akanirudisha kwa heshima ileile. Mtoto hakufungwa na adabu hiyo. Aliyenizaa nilimwita Mama, aliyenilea nilimwita Mama Mkubwa, na wote wawili waliitika.

Tulihamia Birmingham nikiwa mdogo, na mpango ukaja nasi kama ulivyo. Mama na Baba na wadogo zangu walipata nyumba Hodge Hill, yenye kijibustani mbele. Mama Mkubwa, ambaye kwa wakati huo alikuwa mjane, alipata fleti Nechells, ghorofa ya juu, madirisha yakitazama mapaa ya maghala. Mimi nilikuwa wa Nechells. Jumapili tulikwenda Hodge Hill kula wali, na jioni Mama alitusindikiza hadi kituoni, akamwambia dada yake, "Haya, mchukue mwanao." Mama Mkubwa akajibu, "Mwana ni wako, mie mbebaji." Maneno hayahaya, kila wiki, miaka nenda miaka rudi. Mimi nikisimama katikati nikiona aibu mbele ya Waingereza waliokuwa wakingoja basi, ingawa hawakuelewa neno.

Sasa, serikali ya huko ilikuwa na nafuu ya kodi kwa wenye watoto na kipato kidogo. Sisi tuliiita pesa za mtoto, na Waswahili wote wa mjini waliziita hivyo. Mtoto akivuka miaka kumi na sita pesa zilikatika, ila kama yuko chuoni kwa masomo ya muda wote. Hapo alihesabiwa bado ni tegemezi wa mtu, na mtu huyo akaendelea kupata. Mama Mkubwa alikuwa akizipata tangu nikiwa shule ya msingi. Alifanya kazi kwenye dobi kubwa ya mashuka ya hoteli, karibu na nyumbani, na kwa mshahara ule na nafuu ile tuliishi vizuri bila kujidai. Nilipoingia chuo kusomea mambo ya afya, alipeleka uthibitisho, wakakubali. Posho yangu ya chuo nayo, ile ya kila wiki kwa wanafunzi wa nyumba zenye kipato kidogo, ilisimama juu ya karatasi hiyohiyo. Kwa ufupi, mimi kukaa darasani kulitegemea mtu mmoja aandikwe kuwa ananitunza.

Mwaka wangu wa pili chuoni, kiwanda cha vipuri alichofanya kazi Baba kule Aston kilifungwa. Akaanza kuendesha teksi, kipato kikashuka, na kwa mara ya kwanza akaomba nafuu ile kwa ajili ya nyumba yake. Kijana mmoja msikitini alijitolea kuwajazia watu fomu. Akamuuliza Baba ana watoto wangapi. Baba akawataja wote, na mimi nimo.

Watu wasiotujua wataona alifanya tamaa. Wallahi haikuwa tamaa. Kwetu mzazi akiulizwa ana watoto wangapi hamruki mmoja; kumruka ni kumhesabu kwenye waliokufa. Hata aliyetolewa hutajwa, hata aliyeozwa mbali hutajwa. Baba angeona ameniombea mauti. Hakufikiri kwamba kompyuta ya serikali ingemsikia na yeye, imsikie na shemeji yake, kisha iulize huyu mtoto mmoja anakulaje kwenye nyumba mbili.

Barua ilifika Nechells asubuhi, nikiwa nafunga viatu. Mama Mkubwa aliniletea kama alivyoniletea barua zote, mimi ndiye niliyekuwa macho yake katika Kiingereza. Nikasoma kimya kwanza, tabia niliyoizoea ili nijue nimwambie nini na kwa sauti gani. Walisema mtu mwingine ameomba nafuu kwa ajili ya mtoto huyuhuyu. Malipo yamesimamishwa. Pande zote zieleze, na kutoa maelezo ya uongo kunaweza kuwa kosa la jinai. Nilihisi miguu ikipoa ndani ya viatu. Nilimsomea polepole, na nilipofika kwenye jinai nikatafuta neno laini zaidi. Sikulipata.

Hakupiga kelele. Alizima jiko lililokuwa na uji, akakaa, akaniuliza kama jinai maana yake ni polisi. Nikasema sijui. Akauliza tena, nikasema huenda.

Miaka ile televisheni ilikuwa na matangazo ya kuwaonya wanaoidanganya serikali. Tulikuwa tukiyatazama tukila, tukisema hao wanastahili. Kuanzia siku ile Mama Mkubwa alikuwa akibadilisha chaneli yakianza, na kama rimoti iko mbali alitoka sebuleni. Mimi chuoni sikuwa bora. Nilimwambia rafiki yangu, msichana wa Kisomali aliyekulia Nairobi, nikitumaini ataniliwaza. Rafiki yangu hakujua kuliwaza.

"Maze, hao watu hawachezi," akasema. "Uncle yangu wali-m-call kwa interview, wakam-record kwa tape kama murderer. Na hakuwa ameiba, ali-mix tu address."

Nikamuuliza iliishaje. Akasema hajui, mjomba alihamia Leicester.

Usingizi ukanipaa. Kitu kimoja tu kiliniogopesha, na kilikuwa kikubwa kunitosha: Mama Mkubwa kuitwa mwizi kwa sababu yangu. Mwanamke aliyekuwa akirudi dukani kwa miguu katika mvua kwa kuzidishiwa chenji. Nilimwona akikaa kwenye chumba chenye tepu, mikono yake yenye harufu ya sabuni ya dobi mapajani, akijibu asichokielewa.

Yeye aliingiwa na wazo kwamba wakaguzi watakuja kuangalia kama kweli nalala pale. Kitanda changu kikaanza kutandikwa kihoteli, shuka limenyooka pembe kwa pembe, kiasi kwamba jioni niliogopa kuingia. Mswaki wangu ulitolewa bafuni ukawekwa kwenye glasi juu ya kabati la viatu, mlangoni kabisa, ili mkaguzi auone kabla hajasema hodi. Vyeti vyangu vyote vikatundikwa ukumbini, hata cha kuogelea mita kumi. Nikamwambia, Mama Mkubwa, hapa sasa pamekuwa kama ofisi ya mwalimu mkuu. Hakucheka.

Kumbe Hodge Hill nako walipata barua, na Baba naye aliogopa kuitwa mwongo. Jumapili tulipokwenda nilikuta chumba cha wadogo zangu kimeongezwa kitanda cha tatu, kimebanwa dirishani hata pazia halifungi, na juu yake mto mpya bado una nailoni. Mdogo wangu akaniambia kwa Kiingereza kwamba hicho ni changu na hairuhusiwi kukikalia. Nilikuwa na vitanda viwili mji mmoja, na vyote viwili vya kuonyeshwa.

Tulikula. Hakuna aliyegusa habari ile mpaka sinia likaondolewa. Baba ndiye aliyeanza, macho kwenye zulia, akasema yeye alihesabu tu, hakukusudia ubaya. Mama Mkubwa akamkatiza kwa upole, akasema shemeji hukukosea, umemhesabu mwanao. Mama akasema hapana, mtoto ni wa dada, jina litolewe kwetu. Mama Mkubwa akasema litolewe kwake, yeye mlezi tu, haki ni ya mzazi. Barua ilikuwa imesema pande mbili zipatane zenyewe nani mwenye jukumu kubwa la mtoto, na kama hawapatani ofisi itaamua. Nadhani aliyeandika maneno hayo alifikiria watu wanaovutana. Hakufikiria watu wawili wanaokaribishana mlangoni, tafadhali tangulia wewe, tafadhali wewe, mpaka mvua inawanyea wote nje.

Nilikuwa nikikusanya vikombe vya chai. Darasani kwangu walikuwepo wenzangu waliogombewa na wazazi wao hadi mahakamani, na walilia wakihadithia. Mimi niliwaonea wivu. Mimi niligombewa kwa kukataliwa, na nilijua kukataliwa kule ni mapenzi, lakini hofu haina akili ya kutenganisha vitu vidogo namna hiyo. Nilitaka mmoja wao, yeyote, apige meza aseme ni wangu. Hakuna aliyepiga meza. Mama Mkubwa alikunja kanga yake, tukaondoka, na kituoni wakaambizana maneno yao yaleyale.

Tukapewa miadi kwenye ofisi ya mjini, kwa sababu Mama Mkubwa hakuweza mambo ya simu. Walikwenda Mama na Mama Mkubwa; ombi la Hodge Hill lilikuwa la Mama na Baba kwa pamoja, na Baba alikuwa kazini. Mimi nilikwenda kama mfasiri. Walivaa mabuibui yao mazuri ya harusini, wakajifukiza udi, na katika chumba kile cha mazulia ya kijivu tulinukia kama tumekuja kuposa. Afisa alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kwa mnyororo. Hakuwa mkali. Alituletea maji kwenye vikombe vya karatasi, na hilo lilinitisha zaidi, kwa kuwa niliwahi kusikia kwamba mtu huletewa maji kabla ya habari mbaya.

Akaanza na Mama. Akaniambia nimuulize ni nani anayemtunza huyu msichana. Nikauliza. Mama alimtazama dada yake aliyekaa ubavuni pake, akajibu, "Mwambie huyu ni wa dada. Mimi sina haki naye."

Nikatafsiri. Nilisema kwa Kiingereza, kwa sauti yangu mwenyewe, kwamba mama yangu anasema mimi si wake. Afisa akaandika. Kisha akamgeukia Mama Mkubwa kwa uso wa mtu anayemaliza kazi mapema, akauliza swali hilohilo, akingoja jibu rahisi.

Mama Mkubwa akatazama vikombe vya karatasi. Nikamwomba kwa macho. Nilijua atakachosema, kwa kuwa alikuwa amekaa karibu na mdogo wake, na mdogo wake ndiye aliyeniingiza duniani.

"Mwambie huyu mwana wa mdogo wangu," akasema. "Mie namlea tu."

Nilitafsiri hilo pia, neno kwa neno, kwa sababu niliogopa tepu ambayo hata sikuiona. Afisa akaacha kuandika. Akavua miwani ikaning'inia kifuani. Akasema polepole, akinitazama mimi, kwamba anataka kuwa na uhakika amesikia sawa, maana kama huyu bibi hana jukumu la msichana, basi malipo yote aliyopokea miaka hii hayakuwa haki yake, na hilo ni jambo zito sana.

Nimepata kuogopa baadaye maishani. Nimejifungua kwa kupasuliwa, nimewahi kusimama kwenye theluji gari likiteleza kuja upande wangu. Sijawahi kuogopa kama pale. Mama Mkubwa alikuwa amejitia kitanzi kwa adabu, naye amekaa wima ametulia, anaona amefanya jambo jema. Wananisubiri wote watatu nitafsiri. Na nilifahamu kwamba nikitafsiri, hawa wawili wataanza tena, tafadhali wewe, tafadhali wewe, mpaka mmoja wao atolewe mle ndani na polisi.

Sikutafsiri. Nikamwambia afisa kwa Kiingereza kwamba kwetu hivyo ndivyo watu wanavyosema wanapopendana, na kwamba akitaka ukweli aniulize mimi. Sauti yangu ilikuwa nyembamba, nadhani hata pua ilikuwa inavuja. Afisa akavaa miwani tena. Akaniuliza ninalala wapi. Nikasema Nechells. Nguo zangu ziko wapi. Nechells. Chuo kina simu ya nani wakitaka kupiga. Ya Mama Mkubwa. Nilipovunjika mkono shuleni nani alikuja. Mama Mkubwa, na aproni ya dobi, alikimbia akasahau koti. Nani angejua kwanza kama leo nisingerudi nyumbani.

Hilo la mwisho lilinikwama. Mama alikuwa amekaa palepale. Kiingereza chake kilikuwa kidogo, lakini Nechells ilikuwa neno analolijua, na alikuwa amelisikia likitoka kinywani mwangu mara kwa mara bila Hodge Hill kutajwa hata mara moja. Adabu yote ile ya miaka yote ile ilitengenezwa ili siku moja isije ikafika ambapo mtoto anaulizwa achague mama, mbele yao, kwa sauti. Nami nilikuwa nachagua. Nikanyoosha kidole. Nikamwonyesha Mama Mkubwa.

Afisa akaniambia nimuulize Mama kama ni kweli. Nikamuuliza. Mama akasema kweli tupu, na akataka nimwambie yule bibi kwamba jina langu litolewe kwenye fomu yao leo, mume wake alifanya hesabu ya Kiswahili. Nikatafsiri hayo. Afisa, kwa mara ya kwanza, akatabasamu. Akasema atarekebisha: msichana atabaki kwa huyu bibi wa Nechells, malipo yatarudi, hakuna aliyefanya kosa, yalikuwa maelezo tu ya kuwekwa sawa. Mama Mkubwa alielewa kabla sijamaliza kumwambia. Alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili, akaanza kusema alhamdulillahi kwa sauti ya chini, mfululizo, kama mtu anayepoza kitu cha moto.

Tulikwisha simama Mama aliponigusa mkono.

"Muulize," akasema. "Hakuna pahala kwenye hiyo form wataniandika na mie? Si kwa pesa. Pahala tu."

Nikamuuliza. Yule mwanamke hakuona swali la kipuuzi, nalishukuru hilo mpaka leo. Aliangalia kompyuta yake, kweli akaangalia, akapandisha na kushusha ukurasa. Akasema hapana, samahani, nafasi ni ya mwenye jukumu mmoja tu. Nikamgeukia Mama, nikafungua mdomo.

"Usinitafsirie," akasema Mama. "Nimesikia."

Tulitembea hadi vituo vya basi tukiwa watatu, Mama Mkubwa akizungumza kupita kawaida yake, jinsi kiti kilivyokuwa kigumu, jinsi yule bibi alivyokuwa na roho ya mzazi. Mama akiitikia. Hofu ilikuwa haijanitoka. Nilikuwa nikiangalia uso wa Mama pembeni kuona nimevunja nini. Nilitaka kumwomba radhi na sikujua radhi ya nini, maana nilisema kweli, na kweli ile ndiyo iliyomwokoa dada yake.

Basi la Hodge Hill lilitangulia. Nilingoja maneno yao ya kila wiki: mchukue mwanao, mwana ni wako. Mama akapanda ngazi ya kwanza, akamwonyesha dereva tiketi yake, kisha akageuka akiwa ameshika nguzo. Hakumtazama dada yake. Alinitazama mimi.

"Funga koti, mwanangu," akasema. "Baridi."

Milango ikajifunga. Mama Mkubwa alikuwa kando yangu, bega kwa bega, na masikio yake yalikuwa mazima. Alikuwa amegeukia dirisha la duka la viatu, akisoma bei kwa sauti, moja baada ya nyingine, mpaka basi lilipokata kona. Mimi nilikuwa nafunga koti langu.